Udongo wa Kubebwa

Siku waliyomzika Immakulata kibanjani, kati ya migomba na mibuni, waombolezaji walikanyaga nyasi alizozitandaza mwenyewe wiki iliyotangulia. Rwegasira, mumewe, aliziona zikididimia kwenye matope, akageuza uso. Nani tena angeshuka rweya, kule uwanda wa nyasi, kukata nyingine?

Matanga yalikuwa hayajapoa tangazo lilipotoka Muleba: kaya zote za mlimani zihamie kijiji kipya cha ujamaa, hukohuko rweya. Rwegasira akasema hamwachi mkewe peke yake.

Kabla ya kuhama, mpima udongo alikuja kutoka Bukoba kulinganisha ardhi ya zamani na ile mpya. Aliitwa Ishengoma, kijana mcheshi.

“Usiogope, mzee, sichimbi kaburi!”

Rwegasira akamwonyesha msalaba wa mti nyuma ya nyumba. Kijana akavua kofia, akamwita baba kwa Kihaya. “Nisamehe, tata. Sikujua.”

Shimo lilipofika kiunoni, alimwita achungulie. Juu udongo mweusi, laini; chini mchanga mwekundu usio na chochote, sawa na ule wa rweya.

“Huu mweusi mlima haukuuzaa. Vitabuni tunauita plageni, udongo uliotengenezwa na watu kwa kubeba nyasi na samadi, kizazi baada ya kizazi.”

“Marehemu mke wangu, Mama Celina, alibeba tangu nilipomwoa. Wake ni upi?”

Ishengoma akaweka kidole ukingoni mwa shimo. “Huu wa juu kabisa. Unene wa kidole hivi.”

Rwegasira akapiga magoti, akaushika. “Basi liandike neno hilo. Iambie kamati ya uhamisho kwamba huu ni mke wangu. Wataniacha.”

“Na ng’ombe waliotoa samadi?” alidakia Privatus, mwenyekiti wa kamati hiyo, aliyekuja na majirani kutazama shimo. “Nao tuwaandikie kiwanja?” Watu wakacheka.

Ishengoma hakucheka. “Nitaliandika, tata. Lakini neno hili linaeleza udongo ulivyopatikana. Nani akae juu yake, halisemi.”

Walihamishwa kabla ya mvua za vuli. Celina, binti wa Rwegasira, alimshika baba yake mkono njia nzima.

Sasa Rwegasira analima mihogo rweya. Kibanja hakina mtu wa kukitunza, na kila mvua ikinyesha, udongo wa juu unashuka bondeni.