Chuchu ya Grisi

Katika kiwanda cha visu hakuna aliyejua kupaka grisi kama baba mkwe wa Mama Vumbi. Asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, yeye yupo. Jioni wenzake wakishanawa mikono, yeye bado na pampu yake, anaishindilia mashine grisi kama mama anayemlisha mtoto aliyekonda. Hiyo ni laini ya kwanza ya mashine. Laini ya pili ilikuwa chini ya bwana mmoja aliyeitwa Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu alilompa kila mtu. Kesho alipaka grisi akikumbuka, na kukumbuka hakukuwa kipaji chake.

Sasa sikia maajabu. Shafti za mzee, zile fimbo za chuma zinazozungusha mawe ya kunolea, zilikuwa zinalika kama sabuni, za Kesho zinazunguka bila wasiwasi. Meneja akaapa kwamba ikilika shafti nyingine, kuna mtu atatoka kazini siku hiyohiyo. Mzee alikuwa anakaribia kustaafu, na kitu kimoja tu alichokitaka duniani ni kuagwa kwa heshima.

Kazi ya kutafuta sababu ikamwangukia Mama Vumbi. Alikuwa mkuu wa maabara, na msaidizi wake, na mfagiaji wake pia, maana maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya stoo. Jina la Vumbi alipewa kwa tabia yake ya kuokota vumbi la mashine na kulitia kwenye vichupa. Jumatatu alikata kipande cha bushi, ile pete ya shaba ambamo shafti huzunguka, akakiweka chini ya hadubini. Akaona chembe za jiwe la kunolea zimejichimbia ndani ya shaba, ncha nje. Shaba ni laini. Chembe ikiingia humo haitoki tena, inakaa tu na kumkwangua jirani. Ndiyo maana shafti ngumu ilikwisha, na bushi laini ikabaki inang'aa kana kwamba haijui lolote.

Zimeingiaje? Alishuka akamtazama baba mkwe akiwa kazini. Grisi huingia kwenye mashine kupitia kijichuma chenye tundu, ambacho mafundi wa pale, Mungu awasamehe, hukiita chuchu. Chuchu zote zilikuwa zimefunikwa na unga wa jiwe. Mzee hakuzifuta. Alibana pampu juu yake na kusukuma, unga na grisi vikaingia pamoja. Kadiri alivyojituma, ndivyo alivyoiua mashine. Kesho naye hakufuta, ila hakusukuma, kwa hiyo uvivu wake ukawa kinga.

Dawa ilikuwa kitambaa na sentensi moja: Baba, futa chuchu kwanza. Lakini ni mkwe gani mwenye adabu zake atakayesimama mbele ya baba wa mumewe na kulitamka neno hilo? Alimwomba mumewe akaseme yeye.

"Mimi nimfundishe baba kazi?" mume akashangaa. "Mwenye hadubini ni wewe."

Basi akaandika ripoti: "Chembe ngumu zimeingia pamoja na grisi." Sentensi safi, ya kweli, isiyomtaja mtu. Alijipongeza kwa busara yake.

Siku mbili baadaye meneja akawakusanya watu wote uwanjani. "Tatizo ni grisi mbovu!" akatangaza, ripoti mkononi. "Kama si mzee huyu kuihangaikia laini ya kwanza, ingekufa zamani. Kuanzia leo atahudumia laini zote mbili, na akistaafu tutamfanyia sherehe." Makofi yakapigwa, na aliyepiga kuliko wote ni Kesho.

Mzee hakungoja hata makofi yaishe. Alikwenda moja kwa moja laini ya pili na pampu yake, uso umechangamka. Mama Vumbi akamkimbilia.

"Baba, subiri!"

"Nini tena, mama?"

"Futa kwanza."

"Nifute nini?"

"Hicho... hicho kidude."

"Kidude gani? Sema, kazi inangoja."

"Chuchu, baba! Hufuti chuchu!"

Laini nzima ikageuka. Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mama Vumbi, uso ukimwaka, akaipangusa chuchu kwa kidole na kumpaka mzee ule unga kiganjani. Mzee akasugua. Alikuwa mtu wa vyuma; hakuhitaji hadubini. Akageuka akaitazama laini ya kwanza, mashine moja baada ya nyingine.

"Zote?"

"Zote, baba."

"Umejua lini?"

"Jumatatu."

"Na jana tumekula meza moja."

"Niliona aibu, baba. Na sikutaka wakufukuze."

"Kwenye ripoti umeandikaje?"

"Kwamba chembe zimeingia na grisi."

"Grisi imekukosea nini?"

Mama Vumbi akalia palepale, bila kujificha. Mzee alimwacha alie, kisha akasema taratibu, "Nenda kaandike upya. Andika ni mimi."

"Watakutoa bila hata kukuaga."

"Wanitoe. Mashine haina mkwe."

Akachomoa shati lake kwenye suruali, akainama, akaanza kuifuta ile chuchu kwa pindo, polepole, na hakumtazama tena usoni.