Mahali Alipo Saumu
Mvua ya Njombe haina kishindo, inanyesha kama mtu anayenong'ona, na Saumu anaisikiliza akiwa amejilaza, blanketi hadi kidevuni, mchana huu ambao wenzake wamekwenda kufuma masweta naye amebaki nyumbani kwa sababu bega linamsumbua. Bega hilo mumewe, Mbaruku, alilivunja kule Tanga, na ndilo lililomfanya Saumu amshike mkono mwanawe Nasra wapande basi bila kumuaga mtu, waache joto la pwani, waje kwenye nyumba hii ya Bi Tulalumba anayewahifadhi wanawake waliokimbia vipigo. Nyumba haina kibao. Majirani wanadhani ni bweni. Saumu amebadilisha laini, hampigii hata mama yake mzazi, na Nasra amefundishwa kusema kwao ni Dodoma. Kitu kimoja tu alikiweka kwenye simu walipofika, programu ndogo ya kumwambia kama kesho kutakuwa na baridi kali, ili ajue mtoto avae nini shuleni. Programu ikamuuliza kama inaweza kujua mahali alipo. Akabonyeza ruhusu, akaendelea kumfunga Nasra kamba za viatu. Sasa kope zinamlemea, mnong'ono wa mvua unasogea mbali, unasogea tena, na badala ya godoro chini yake kuna barabara.

Barabara ni nyeupe kama unga wa muhogo, ya baridi chini ya nyayo, na haina mwisho, inagawanyika, kila tawi linazaa matawi mengine, na Saumu anatembea bila kujua amechagua tawi lipi. Anapokanyaga, alama ya mguu inabaki nyuma ikiwaka buluu, haififii, na anapogeuka anaona alama zake zimetanda hadi upeo wa macho, kumbe hakuanza kutembea leo, ametembea hapa siku zote. Mbele unatokea mji wa vioo. Nyumba zote ni vioo, na ndani ya kila kioo yumo Saumu mwenyewe, huyu yuko duka la dawa, huyu msikitini, huyu ameketi kwa mwanasheria akilia, na yule wa pembeni yuko kwenye benchi la hospitali akisubiri majibu ya kipimo ambacho hakumwambia mtu yeyote duniani. Anataka kukifunika kioo hicho kwa khanga yake, khanga inapita kama moshi. Mtu anasimama kando yake, suti imenyooka vizuri, na juu ya kola ana kichwa kisicho na uso, laini kama ganda la yai. Karibu mama, anasema, mimi ni mwenyeji wako. Saumu anamuuliza hapa ni wapi. Hapa ni pale ulipokwisha kuwa, anajibu mwenyeji. Anamuuliza nani amezichukua nyayo zake. Hakuna aliyechukua, ulitoa. Lini? Ulipokuwa na haraka.

Saumu anamwambia kwamba alitaka tu kujua habari za baridi. Mwenyeji anainamisha kichwa chake kitupu kwa heshima, anasema nawe ulizipata, sivyo? Halafu anamtuliza kama watu wa ofisini wanavyotuliza, anamwambia asihofu, jina lake halimo popote, wao ni waungwana na hawaandiki majina ya watu. Wanajua tu kwamba kuna mtu anayelala nyumba ya mwisho kwenye mteremko, asubuhi anafika shule ya msingi na kurudi, na Alhamisi anakwenda kliniki ya mifupa, na kabla ya hapo, kwa ruhusa alizozipa programu nyingine zamani, simu hiyohiyo ililala miaka mingi kwenye nyumba moja huko Tanga. Jina lako hatulijui, anarudia. Saumu anahesabu kichwani wanawake wote anaowafahamu na haoni mwingine anayetembea hivyo.

Barabara inajikunja yenyewe, inawafikisha sokoni, na kinachouzwa pale ni njia za watu zilizoviringishwa kama mikeka. Wanunuzi wamejaa. Wapo wanaotaka kujua nani hupita mbele ya maduka yao, wapo wanaotaka kujua nani huenda kuabudu na nani haendi, wananunua bila kelele, wanaondoka na mikeka kwapani. Mbele yao amesimama mwanamume aliyewapa mgongo, na Saumu anakijua kile kisogo, amekiangalia miaka tisa kikitoka mlangoni akiomba kichelewe kurudi. Mbaruku anazungumza kwa upole, ule upole wake wa mbele za watu. Namtafuta mke wangu, anasema, nina wasiwasi naye. Mwenyeji anamjibu kwamba hilo halimhusu, yeye anauza njia tu, anayeinunua anakwenda nayo anakotaka. Saumu anapiga kelele, usimpe, na sauti yake inatoka kama sauti ya mtu aliye chini ya maji. Mkeka unafunguliwa, unang'aa buluu, Mbaruku anaweka mguu wake juu ya alama ya kwanza na mguu unakaa sawasawa.

Saumu anakimbia. Anapiga magoti, anafuta nyayo kwa viganja, na viganja vinaacha alama zake. Anaitupa simu bondeni, lakini barabara inaendelea kuwaka, kwa kuwa kila jirani anayepishana naye ana simu yake mwenyewe mkononi, nayo inamwona. Basi anafanya la mwisho analoliweza, anaacha njia ya nyumbani kwa makusudi, anashika ya mashamba ya chai, ili kama ni kumfuata amfuate huko, peke yake, mbali na mtoto. Mwenyeji yuko tayari pembeni yake, hahemi. Kila usiku unalala pale, anasema, ukienda kwingine tutajua umetoka kidogo tu. Na mashamba ya chai yanageuka kuwa mteremko, mteremko unashuka kwenye nyumba, na Saumu anaiona yote kwa juu kama paa limeondolewa, Bi Tulalumba anachambua mboga, Eliwaza wa Mbeya ananyonyesha, wasichana wawili wa Makete wamelala wakiwa wamekumbatiana, kila mmoja ana mtu anayemkimbia, na yeye ndiye aliyeiwasha njia ya kuwafikia. Anatanua mikono mlangoni. Mbaruku anampita kama mtu anavyopita kwenye ukungu, ananyosha mkono kwenye komeo.

Anafumbua macho. Mvua imekatika. Nasra ameketi ukingoni mwa kitanda, yuko na sare ya shule, anavua soksi zilizolowa. Saumu anaishika simu, anaitafuta ile programu, anaifuta, simu inamuuliza kama ana hakika, anabonyeza ndiyo, ndiyo, hata swali lilipokwisha kuondoka kidole bado kinabonyeza. Nasra anamweleza habari za shuleni, kisha anasema, kama jambo dogo tu, kwamba dukani pale kona kuna baba anayeongea kama watu wa kwetu. Amenisalimia, mama. Ameniita Nasra.

Saumu anamuuliza baba huyo anafananaje. Mtoto anafikiri, anakunja soksi, anafikiri tena.

Sikumbuki uso wake, anasema.

Saumu anaweka kiganja ukutani, ajue kama ameamka kweli. Ukuta ni wa baridi, ila barabara nayo ilikuwa ya baridi. Anajua anatakiwa kumwita Bi Tulalumba, anajua anatakiwa kuinuka, amchukue mtoto, watokee uani wakimbie, lakini wakimbilie wapi, na miguu haimtii, kama isivyomtii mtu yeyote ndotoni. Geti linalia nje. Anamvuta Nasra kifuani, anafumba macho kwa nguvu, anangoja kuamka.