Okwachaiti

"Shikamoo, mama."

Awuor hakuitikia. Aliendelea kuparua magamba ya sato kwenye kibanda chake pale Igogo, mengine yakirukia viatu vya Maige, meneja mahusiano wa kampuni inayochimba kilima nyuma ya Kisesa. Marahaba ya nini kwa mtu aliyemfukia mwanao akiwa hai?

Maige akavuta kigoda, akakaa bila kukaribishwa. "Nimekuja na neema, mama. Kule kilimani tumepata madini mapya. Si dhahabu. Ni madini adimu, ya kuundia simu na magari ya umeme, na jiwe lenyewe halijawahi kuonekana popote duniani. Halina jina. Wakubwa wanataka ulipe jina wewe, mbele ya mgeni rasmi."

"Kwa nini mimi?"

"Ili yale makelele yako ya getini yaishe. Tuwe ndugu."

"Mfukueni Okwach nikamzike kwetu Rorya. Nitanyamaza."

"Aah, mama. Hilo tumeshaliongea. Lile duara alilokuwa akichimba, ardhi yake inatitia. Nikipeleka mashine pale nitaua watu."

Nitaua watu! Aliyasema hayo bila hata kupepesa macho, yeye aliyesimama juu ya shimo la wachimbaji wadogo siku ile, vijana wakimlilia kwamba Okwach bado yuko chini. Alisema hizo ni janja za wezi. Akampungia mkono dereva wa katapila: fukia. Polisi nao wakasema marehemu alikufa kwa uzembe wake.

Awuor akafuta mikono. "Nitakuja," alisema.

Akelo, binti yake, ndiye aliyeshtuka alipoambiwa jina lenyewe. "Mama! Kwetu jina la mtu aliyeuawa, tena hajazikwa, hapewi mtoto. Hata mbwa hapewi! Hasira yake inalifuata jina."

"Ndiyo maana nawapa wao. Aingie nalo majumbani mwao, akae nao mezani. Asimwache hata mmoja."

Siku ya sherehe kulikuwa na maturubai, kwaya, na soda baridi kwa waliokaa mbele. Awuor alishika kipaza sauti. "Okwachaiti," alisema. Mgeni rasmi, ambaye hakujua lolote, alipiga makofi mpaka miwani ikamteremka. "Meneja, hebu litamke tulisikie vizuri!" Maige akameza mate. Akalitamka, na Awuor akaona raha, raha tupu ambayo hakuwa ameionja tangu msiba. Sema tena, alimwambia kimoyomoyo. Likukabe.

Halikumkaba. Mvua zilipokatika Maige alikuwa amenenepa, amepewa gari jipya, na jina lile analitamka redioni kama tangazo la sabuni.

Kisha wenzake Okwach wakampigia Awuor simu: mama, njoo haraka, wanafukua duara.

Alifika anahema. Katapila lilikuwa limeshafika chini sana, linazoa udongo na mawe kwa pamoja, linamwaga kwenye mashine ya kusaga. Maige alikuwa ukingoni, kofia ngumu kichwani.

"Ulisema ardhi inatitia!"

"Ilikuwa inatitia. Sasa bajeti ipo, mama. Mkanda wa madini umepita hapo hapo."

"Simamisha mashine. Mwanangu yumo humo!"

"Meli inasubiri mzigo, mama."

"Simamisha, Maige! Shetani mkubwa we!"

Simu ya Maige iliita, akageuka kuipokea. Awuor akakimbilia kwenye mashine. Upande wa pili viroba vilikuwa vimepangwa, vimejaa unga wa kijivu, kila kimoja kimeandikwa OKWACHAITI kwa herufi kubwa. Alitumbukiza mikono mpaka viwiko kwenye kiroba ambacho hakijashonwa mdomo, akapapasa. Unga. Akahamia kingine. Unga mtupu, laini, wenye joto la mashine. Alivua kitenge kiunoni, akakitandika chini, akaanza kuchota.

Mlinzi alimfikia, mtu mzima mwenye adabu zake.

"Samahani, mama. Hiyo ni mali ya kampuni. Rudisha."

"Nionyeshe kiroba chake," alisema Awuor. "Hivyo vingine nitawaachia."

Mlinzi akavitazama viroba, akamtazama yeye.

"Rudisha yote, mama," alisema. "Na kitenge ukikung'ute."