Pipa la Nne Mtaa wa Garnet

Pipa la nne lilipoletwa Mtaa wa Garnet, Noreen Catlow alilitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja bila taarifa, tena na sanduku la nguo. Tayari alikuwa na jeusi la taka za kawaida, la buluu la chupa na makopo, na la kijani la majani, na majani yenyewe hana. Nyumba za mtaa ule zimebanana ukuta kwa ukuta, na ukifungua mlango wa mbele unakanyaga njia ya waenda kwa miguu moja kwa moja. Nyuma kuna kiua cha kuanikia nguo, kisha ngazi za mawe, kisha kichochoro ambacho halmashauri yenyewe ilikitia geti na kufuli. Sasa limekuja la kahawia, la karatasi. Likasimamishwa chini ya dirisha pamoja na wenzake, na kila nyumba vivyo hivyo, juu na chini ya mtaa, hata usijue kama unaishi mtaani au jalalani.

Watu walinung'unika. Walinung'unika dukani, walinung'unika kwa simu, wakaandika majina yao na kuyapeleka kwa diwani, na diwani akashukuru sana. Kushukuru hakumgharimu mtu kitu. Wanaopanga mapipa hawakai kwenye nyumba za namna ile, wana bustani zao na ua wa kufichia uchafu, na aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Kwa Noreen, hata hivyo, jambo lenyewe halikuwa harufu wala sura ya mtaa. Lilikuwa Wilf.

Wilf, mumewe, aliendesha mabasi ya mji ule maisha yake yote mpaka kisukari kikamnyang'anya macho. Macho yalipokwenda hakulia sana. Alichokataa ni kushikwa mkono. "Mkianza kunishika mkono leo," alisema, "kesho mtanifunga bibu kama mtoto." Basi kila alasiri alivaa kofia yake, akatoka, akaweka kiganja cha kushoto kwenye matofali ya ukuta wa nyumba, na kushuka nao taratibu hadi klabu ya wazee mwisho wa mtaa, kucheza dhumna. Nyumba alizijua kwa mkono: hapa mlango wa Tahira wenye kitasa cha shaba, hapa dirisha la akina Pickup lililopigwa plasta vibaya. Huko klabuni alizisoma nukta za dhumna kwa ncha za vidole, akawafunga wenye macho yao, akawauliza kwa upole kama wangependa awaazime fimbo yake nyeupe.

Mapipa yalipozidi, ukuta ukampotea. Alizunguka moja, akazunguka la pili, akanyoosha mkono kutafuta matofali akashika kifuniko cha la tatu. Siku moja alizunguka sana, mguu ukashuka barabarani pasipo kutarajia, akaanguka na kuvunja kifundo cha mkono. Mfupa uliunga. Wilf hakuunga. Plasta ilipotolewa alibaki kwenye kiti kando ya redio, na wenzake walipokuja kumwita alisema kifua kinambana, na walipokuja tena akasema baridi imezidi, na ilikuwa Juni, kiangazi kabisa. Wakaacha kuja. Noreen alimwona anavyosinzia mchana na kukesha usiku, chakula hamalizi, mzaha hana. Alijua kabisa anachokitazama. Mumewe alikuwa anakufia kitini, tena kwa sababu ya makopo na karatasi.

Akaipigia simu halmashauri mpaka wakachoka naye, wakamtuma bwana mmoja, Ormerod, mwenye kitambulisho shingoni na tabasamu la kazini. Noreen alimpa chai na biskuti, maana adabu ni adabu. Bwana Ormerod akaeleza kwamba mapipa yanapaswa kukaa kiuani, na siku ya kuzolewa yapitishwe ndani ya nyumba hadi mlango wa mbele. Noreen akamwomba ajaribu na moja tu. Mgeni akalisukuma jeusi kupitia sebuleni, juu ya zulia, akalikwamisha baina ya kochi na mlango wa jikoni, na ilibidi Noreen na Tahira wa jirani walivute kutoka upande huu huku yeye akilisukuma kutoka ule. Wilf, kitini, aliinua miguu ili gurudumu lisimkanyage, na hakusema neno. Kimya hicho ndicho kilichomuuma Noreen kuliko yote, maana Wilf wa zamani angekuwa na la kusema.

Mlangoni Noreen akamuuliza Bwana Ormerod swali moja. Je, haiwezekani mapipa yashushwe barabarani, pale ukingoni panapoegeshwa magari, njia ya miguu ikabaki wazi?

Bwana Ormerod alishtuka kweli. "Hapana, Bi Catlow. Hapo yatazuia magari."

"Kwa hiyo gari lisipate taabu," Noreen alisema, "ila mume wangu, yeye apate."

Akajibu kwamba angelifikisha suala hilo kwa wahusika. Noreen akafunga mlango. Kufikia hapo maji yalikuwa yamezidi unga.

Hapa lazima nieleze jambo moja la mtaa ule. Halmashauri hugawa ratiba ya mapipa kila mwaka, wiki hii la buluu, wiki ijayo la kijani, na kila mwaka watu huipoteza kabla chai haijapoa. Hakuna aliyejali, kwa sababu Noreen yupo. Jioni ya kuamkia siku ya lori, mapazia hufunuliwa kidogo, watu huchungulia Noreen katoa pipa gani, kisha mtaa mzima hutoa hilohilo. Krismasi moja alichanganya siku, akatoa la majani, na theluji imelala. Asubuhi wazoa taka walikuta mtaa mzima umepanga mapipa ya kijani matupu, wakacheka mpaka wakashikilia lori. Hakuna jirani aliyewahi kumlaumu, wala kuanza kusoma ratiba.

Basi jioni ile, kesho yake ikiwa siku ya lori, jua bado liko juu ya mapaa, Noreen alitoka na aproni yake. Akalishika jeusi, akalishusha barabarani na kulisimamisha ukingoni. Akarudi akalichukua la buluu. Kisha la kijani, kisha la kahawia, yote manne, yamejipanga mbele ya nyumba yake mahali pa gari ambalo hawakuwa nalo tena. Akaingia ndani kumenya viazi. 

Tahira alikuja kugonga, mtandio begani, ananukia vitunguu. Akauliza leo ni lipi.

"Yote, mpenzi. Barabarani."

Tahira akayatazama manne yale, akaitazama njia iliyo tupu chini ya dirisha, kisha akamtazama Wilf kwa ndani. "Haya," alisema, akaenda kuyaleta ya kwake. Baada yake wakafuata wengine, mmoja mmoja, wengine bila kujua kwa nini, ila Noreen katoa. Magurudumu yakanguruma juu na chini ya mtaa.

"Mama," Wilf aliita kutoka kitini. "Umefanya nini wewe?"

"Nimetoa taka."

"Usinitafutie ugomvi na watu. Mimi siendi popote."

Noreen alirudia viazi vyake. Alikuwa ameyasikia hayo hata kabla hajayasema, na yalimchoma vilevile.

Ugomvi wa kwanza uliletwa na Kieran Pickup, aliyerudi kazini na gari lake na kukuta hana pa kuliweka. Akagonga mlango kwa ngumi, akamwambia Noreen kwamba uzee haumpi mtu haki ya kumiliki barabara, na kwamba angeyarudisha mapipa yote juu kwa mikono yake. Noreen akamwambia aanze na yale ya mbele ya nyumba yake mwenyewe, ambayo mkewe ameyashusha muda si mrefu. Kieran akageuka, akayaona. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kiunoni, na gari la kusukumia mtoto lilikuwa nje, kwenye njia ya miguu, mahali ambapo halikuwahi kupita tangu mtoto azaliwe.  Kieran akaenda kuegesha mtaa wa pili.

Asubuhi lori lilipita, wazoa taka wakamwaga walichopaswa kumwaga, wakayarudisha mapipa palepale walipoyakuta. Hakuna aliyeyagusa. Kesho yake yalikuwa bado yapo, na siku hiyo alasiri Bwana Ormerod akaja, safari hii bila tabasamu. Akasimama chini ya dirisha la akina Catlow, na milango ikafunguka, kila mtu kizingitini kwake. Akatangaza kwamba yasipoondolewa barabarani, halmashauri itayachukua.

"Yachukueni," Noreen alisema. "Anzeni na la kahawia."

Mtaa ukacheka. Mtu akauliza kama wangeweza kuyachukua leoleo. Kieran Pickup, ambaye bado alikuwa na kinyongo chake, akajitolea kusaidia kupakia. Bwana Ormerod masikio yakamwiva. Akamkaribia Noreen na kushusha sauti, kwa wema hasa, na wema wa namna hiyo ndio huwa mbaya zaidi.

"Bi Catlow, najua ni kwa ajili ya mzee. Lakini kusema kweli, mtu katika hali yake asingepaswa kuzurura peke yake. Lipo gari dogo la huduma. Litakuja kumchukua, atashikwa mkono, atapelekwa kituo cha wazee, atapewa shughuli za kufanya."

Dirisha lilikuwa wazi. Ndani, redio ikazimwa.

Noreen alisikia kiti kikilia, kisha hatua kwenye zulia, kisha mkono ukipapasa misumari ya makoti. Akatamani kukimbia ndani kumsaidia. Akajilazimisha kusimama palepale.

Wilf alitokea na kofia yake kichwani, imekaa upande. Amekonda, na mwimo wa mlango ulimshikilia zaidi kuliko alivyotaka ionekane. Akaweka kiganja cha kushoto kwenye matofali. Akayapapasa, kwenda na kurudi, hakuna kilichomkatiza.  Akaanza kushuka, fimbo nyeupe mbele, ukuta mkononi, na katika hatua za mwanzo tu fimbo ikagonga kiatu cha Bwana Ormerod, aliyekuwa amesahau kusogea.

Wilf akasimama. Akakigonga kiatu tena, polepole, kama anayepima.

"Noreen," alisema, "hili nalo ni la kutia nini?"

 Tahira ndiye aliyeanza kucheka, mkono mdomoni, na baada yake mtaa wote. Bwana Ormerod akatazama ukuta, akatazama mkono wa yule mzee uliokuwa ukisubiri juu ya matofali, akashuka barabarani, akasimama huko baina ya mapipa, kitambulisho chake shingoni.

Wilf akapita. Aligusa kitasa cha shaba cha Tahira, akasalimu. Alipofika kwa akina Pickup, Kieran alinyoosha mkono kumshika kiwiko, kisha akaurudisha mwenyewe kabla haujafika, akabana mgongo wake mlangoni ili njia iwe pana. Mzee akaendelea kushuka, na kutoka klabuni mtu akachungulia, akaingia ndani mbio kuwaambia wenzake wasogeze kiti.

Noreen hakumfuata. Alikaa kizingitini, mikono imekunjwa juu ya aproni, akilia waziwazi bila kujifuta, na alipoulizwa na Bwana Ormerod kama sasa wangeweza kuzungumza habari ya mapipa, alimwambia asubiri kidogo, anamtazama mumewe.