Ulaya si Bahi

Hadi mama yao alipofariki, Evarista hakuwahi kumuuliza mtu London ni mwendo wa saa ngapi. Kwa miaka kumi na mmoja mdogo wake Kefa, mtoto pekee wa kiume, alikuwa akileta barua ile ile: mama, nakukumbuka sana, lakini huku ni mbali mno. Mama Anjelina akishasomewa, alitikisa kichwa na kuwanyamazisha wasengenyaji wote wa kijiji chao cha Mkonze.

"Mwacheni mwanangu," alisema. "Ulaya si Bahi hapo jirani, kwamba mtu ataamka tu na kwenda."

Akafa akiliamini hilo. Aliacha neno moja: asifukiwe kabla Kefa hajamtupia udongo kwa mkono wake.

Siku hiyo hiyo Evarista alimpigia Kefa simu kutoka posta, kisha akapita ofisi ya tiketi za ndege pale mjini. Karani, bila kuinua macho, alimwambia kutoka London hadi Dar es Salaam ni masaa kumi. Evarista akauliza tena. Masaa kumi. Enzi za kupanga foleni ya sukari, kabla maduka hayajafurika bidhaa kama siku hizi, yeye mwenyewe aliwahi kusimama zaidi ya hapo. Alitoka akiwa na uchungu, na hakumwambia mtu.

Kefa alipata ndege ya kutua Dar alfajiri ya Alhamisi. Mjomba Matonya, kaka wa marehemu na msemaji wa msiba, akataka kujua kama atawahi. Evarista hakuwa amelala siku tatu. Akajumlisha ndege na basi, akajibu kwamba saa tisa mchana Kefa atakuwa amefika. Mjomba akaridhika, akaamuru vijana wachimbe kaburi Alhamisi hiyo hiyo.

Hapo ndipo walipokosea. Kwao kaburi likishachimbwa halilali wazi. Likilala, litaita mwingine. Mwenye akili zake angengoja amwone mgeni kwa macho ndipo ashike jembe. Lakini nani angedhani kwamba aliyevuka bahari na majangwa angekuja kushindwa na Gairo, mji mdogo tu wa njiani?

Basi lilivunjika ekseli hapo hapo Gairo. Saa kumi jioni dereva wa pikapu alileta kikaratasi cha Kefa: gari hili limejaa, nitakuja na lijalo, nisubirini.

Waliomboleza huku wakichungulia barabara. Jua lilipokaribia vilima, Mjomba alimvuta Evarista pembeni.

"Mwanangu, shimo halitasubiri."

"Mzikeni," Evarista akasema.

Alitupa udongo wake, kisha akatupa na wa Kefa. Hata kulia alishindwa, kwa kuchoka.

Kefa aliingia kesho yake asubuhi, suti imejaa vumbi. Wanawake walimpokea kwa vilio na pole nyingi: masikini, mtu katoka Ulaya, mbali kote huko. Alipiga magoti kaburini, akalia kwa sauti.

"Dada, mngenivumilia kidogo tu," alisema. "Kule ni mbali mno."

Evarista alikuwa amekusudia kunyamaza, kama mama alivyowanyamazisha wengine miaka yote ile. Asubuhi hiyo hakuwa na nguvu hizo.

"Masaa kumi, Kefa," alisema. "Nimeuliza."

Wanawake wakaacha kulia. Kefa alikuwa amekwisha kuchota udongo, ngumi imejaa, na sasa hakujua autupe wapi. Kaburi lilikuwa limefukiwa.