Mgongo wa Ukurasa wa Kumi na Mbili

Mimi ni fundi wa pini. Miaka thelathini nimesimama nyuma ya watu wazuri nikiwabana nguo ziwakae, kwa hiyo nyuso zao nyingi nimezisahau, ila migongo naikumbuka. Changanya mgongo wa Gil Hye-rim na mingine mia, nitauchambua nikiwa nimekaa. Bega lake la kushoto limeshuka kiasi cha unene wa kidole, na kila koti nililomvalisha nimelitia sponji upande huo.

Miaka kumi na tano iliyopita Hye-rim alikuwa kwenye majalada ya majarida ya mitindo. Siku hizo msomaji alifungua jarida akaona koti, na mwanamitindo kazi yake ilikuwa kujiondoa njiani ili koti lionekane. Ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Siku hizi anawekwa nyota wa tamthilia, na mashabiki wake wananunua jarida hilohilo mara kumi kumi, hata kama amevaa gunia. Simlaumu mtu. Jarida lisiloondoka dukani haliniletei mimi pini wala uzi. Lakini roho yangu haijawahi kuzoea.

Agosti ya mwaka mmoja tulikuwa studio moja ya mtaa wa Seongsu, Seoul, tukipiga picha za toleo la Desemba. Nje kulikuwa na jua la kuchemsha lami, ndani tunapiga pasi makoti ya manyoya. Mlangoni lilisimama gari la kahawa lililotumwa na mashabiki wa Seol A-jin, sura yake imebandikwa hadi kwenye vikombe. A-jin mwenyewe hakuwa amefika. Aliyekuwa amesimama chini ya taa tangu asubuhi ni Hye-rim, anamshikia nafasi, ili nyota akija asichoshwe na mpiga picha anayepima mwanga.

"Mama mdogo, nitakaa lini?" aliniuliza bila kusogeza midomo. Undugu hatuna, wanamitindo huniita hivyo tu.

"Ukishakuwa nyota."

"Basi niletee mto, nitalala nimesimama."

Alikuwa na furaha siku hiyo, na sababu yake niliijua. Mhariri Pyo alikuwa amemwahidi kurasa mbili za mwisho, uso wake na jina lake. Alishampigia simu mama yake kule Tongyeong, mji wa pwani. Mama huyo ana saluni inayoitwa Saluni Hye-rim, na ukutani amepanga majalada yote ya mwanawe. La mwisho limepauka rangi kwa jua. Wateja humuuliza, binti yako siku hizi yuko wapi, naye hujibu, anapumzika. Amejibu hivyo miaka minane.

A-jin alifika saa saba. Niseme haki, alikuwa binti mwenye adabu, aliinamia kila mtu hadi mfagiaji. Tukamvalisha makoti, yakaenda vizuri. Matata yalikuwa gauni jeusi, lile la kuacha mgongo wazi hadi kiunoni. Lilishonwa moja tu, kwa kipimo cha mwanamitindo, na kesho yake lilipaswa kurudi kwa mwenyewe. Mbele nililiweka sawa. Nyuma zipu iligoma, ngozi ikajikunja, nikaishia kufunga kwa vibanio na utepe.

"Nimekunywa maji tu tangu jana," A-jin alinong'ona. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Si kosa lako, mwanangu. Hawakukupima wewe."

"Mgongo lazima uonekane," alisema Mhariri Pyo. "Mshonaji ametupa gauni kwa sharti hilo. Tukimkosea, hatatupa tena."

Aliyefungua mdomo ni mimi. Natamani ningeziuma pini zangu.

"Gauni hili linamkaa Hye-rim," nilisema. "Na mgongo hauna jina."

Nilikuwa nawaza gauni. Maskini mimi, miaka thelathini nawaza gauni.

Mhariri Pyo alinitazama kama niliyemletea wali mezani. Muda si muda Hye-rim alikuwa amesukwa nywele kama za A-jin, na karatasi ikapitishwa tutie sahihi wote, kwamba hakuna atakayesema kamwe mgongo ni wa nani.

"Na kurasa zangu mbili?" Hye-rim aliuliza, kalamu mkononi.

"Ziko palepale. Kwani mimi mtoto?"

Akatia sahihi. Akapanda jukwaani akatugeuzia mgongo, akainua shingo kidogo tu, na lile gauni likaanza kuishi. Sijui namna nyingine ya kulisema. A-jin alikuwa amesimama kando yangu amejifunika taulo.

"Dada anafanyaje vile?" aliniuliza. "Mimi nikivaa, watu wananiona mimi. Yeye akivaa, naliona gauni."

"Ndiyo kazi yenyewe."

Picha ilipokwisha A-jin alimfuata Hye-rim akamwinamia hadi nywele zikagusa magoti. Nadhani aliona aibu kuliko sisi wote.

Jarida lilitoka mwishoni mwa Novemba. Mgongo ulikuwa ukurasa wa kumi na mbili, umesambaa ukurasa mzima, bega la kushoto limeshuka bila sponji la kulificha, na chini yake jina la Seol A-jin. Mashabiki walisema haujapata kutokea mgongo kama huo. Nikafunua hadi mwisho kutafuta zile kurasa mbili. Hazikuwepo. Mahali pake palijazwa picha nyingine za A-jin, anakunywa kahawa ya mashabiki wake. Mhariri Pyo alimtumia Hye-rim ujumbe mfupi kwamba nafasi ilibana, toleo lijalo watazungumza.

Hye-rim alinipigia simu. "Mama anasema ameniona jaridani na ameshawaambia watu wa soko zima. Mama mdogo, nisindikize. Peke yangu sitaweza kufika."

Nilikuwa na deni la maneno yangu mwenyewe, nikaenda. Jumamosi tukapanda basi la asubuhi, na njia nzima hakugusa chakula nilichofunga.

Saluni ilikuwa imejaa wanawake wa sokoni wenye dawa kichwani, hii ndiyo siku yao. Ukutani, juu ya lile jalada lililopauka, ulikuwa umebandikwa ukurasa wa kumi na mbili. Chini ulikatwa kwa mkasi, pale palipokuwa na jina.

"Huyu hapa mwenyewe kaja," alisema mwanamke mmoja muuza chaza, ambaye wote humwita Mama Chaza. "Hye-rim, tuamulie ugomvi. Mama yako anasema huu mgongo ni wako. Jarida langu mimi nimelinunua, na limeandikwa Seol A-jin."

"Kuandika wameandika," alijibu Mama Hye-rim, anaendelea kuzungusha nywele za mteja. "Mimi mgongo huo nimeusugua kila Jumapili tangu hajaota meno. Nani atanifundisha?"

"Mama wote huona wanao kila mahali. Mimi wangu namwona kwenye taarifa ya habari."

Wakacheka. Kisha wakamgeukia Hye-rim. Alinitazama, nami nikatazama sakafu.

"Si mimi, mama," alisema. "Ni Seol A-jin."

Hakuna aliyemcheka, na hilo ndilo lililouma zaidi. Wale wanawake kwa huruma yao waligeuza mazungumzo wakaanza kuongea habari za chumvi ya kuloweka kabichi. Mama Hye-rim alichomeka kirola kwenye nywele za mteja, akachomeka kingine. Nilikuwa nyuma yake, na nilimwona shingo ikianza kuwa nyekundu.

Jioni tulipobaki watatu, Hye-rim alipokwenda kuosha vyombo, mama yake alinigeukia. "Fundi, wewe unashika migongo ya watu. Ni wake au si wake?"

"Mama Hye-rim, tulitia sahihi karatasi. Sote."

"Inasemaje hiyo karatasi?"

"Tusiseme."

Alisugua madoa ya rangi ya nywele kwenye kucha. "Basi msiseme," alisema. "Kesho Jumapili. Tutakwenda kuoga."

Hamamu ya mtaa wao, wanakooga wanawake wote pamoja, ni ndogo, bwawa moja la maji moto na vigoda vya plastiki. Wanawake walewale wa sokoni walikuwa bwawani, maji yamewafika shingoni, Mama Chaza katikati yao na taulo kichwani. Mama Hye-rim aliweka kigoda karibu kabisa na ukingo, akamkalisha binti yake, mgongo ukielekea bwawani. Akavaa kitambaa cha kusugulia mkononi akaanza kutoa nongo, polepole, kutoka kiunoni kwenda juu. Hakuzungumza na mtu. Alipofika mabegani alimwagia ndoo nzima ya maji, kisha akaondoka kwenda kuchota nyingine, na bomba likamchukua muda mrefu ajabu.

Bwawani maongezi yalikatika moja moja hadi likasikika bomba peke yake. Hye-rim alikuwa ameinama, hajui afanye nini. Kulikuwa na mvuke, lakini si wa kuficha bega lile.

Mama Chaza alitoka majini. Alikuja akasimama nyuma ya Hye-rim, akaangalia, akainamisha kichwa upande huu na upande ule. Mama Hye-rim aliporudi na ndoo, yule mwanamke alinyoosha mkono.

"Lete hicho kitambaa. Huku kushoto hukufika."

Akalisugua lile bega lililoshuka kwa nguvu, kama watu wa kule wanavyosugua watoto wao. Mabega ya Hye-rim yakaanza kutikisika, na nadhani si kwa kusuguliwa. Mimi nilikuwa nalia wazi kwenye kigoda changu, maji yananichuruzika, hakuna wa kujua.

Mama Chaza alimimina maji, akampiga kofi dogo begani.

"Haya, mwanangu, geuka," alisema. "Na uso nao tuuone."