Anakaa Peke Yake

Bado hajazaliwa mtoto mchanga wa kunipiga chenga. Nawasoma kama gazeti, hadi kurasa za ndani. Biolojia nilipata alama ambazo mwalimu alizijumlisha mara mbili akidhani amekosea. Ndiyo maana dada yangu, aliporudi kazini kushona sare za shule kwenye kile kiwanda chenye mashine hamsini na feni moja, aliniachia vitu viwili: mwanawe, tunayemwita Bosi kwa sababu ya mashavu na tumbo, na karatasi ya kliniki.

Karatasi ilikuwa na maswali ya kila mwezi mpaka mtoto afike mwaka. Anainua kichwa? Anageuka? Anashika kitu? Ukiona, unaweka vema. Dada alikuwa anarudi na vipande vya uzi kwenye nywele, amechoka hata kuuliza kumepikwa nini.

"Msomi, umeijaza?"

"Imejaa pomoni, dada. Mwanao anafaulu kuliko mimi."

Mwezi wa sita waliuliza: Anakaa peke yake? Nikacheka. Bosi? Huyo ukimlaza godoroni anakaa peke yake hata saa nzima, ametulia tuli, anakagua dari kama fundi anayepiga hesabu ya mabati. Halii, hamdai mtu. Nikaweka vema. Mwezi wa saba, vema. Wa nane nikaongeza na maoni pembeni: "Anakaa vizuri sana, hana shida na mtu."

Alipotimiza miezi tisa, dada aliomba ruhusa ya nusu siku, tukampeleka kliniki. Nesi alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Akamvua Bosi nguo, akamkalisha juu ya meza, akamwachia taratibu.

Bosi akakunjika mbele kama suruali iliyochomoka kwenye msumari. Nesi akamdaka, akamkalisha tena. Akalala upande. Mara ya tatu kichwa kilitangulia, na mimi nilipokuwa nimesimama nikajikuta nimekaza tumbo, utadhani ningeweza kumwazima mgongo.

"Kaa, Bosi," nikanong'ona. "Kaa, mjomba."

Neno likanirudi mdomoni kama mfupa. Kaa. Karatasi ilikuwa imeuliza makalio, mimi nikajibu tabia.

Nesi alikuwa anaisoma. "Mama, hapa pameandikwa alikaa tangu mwezi wa sita. Wa saba yupo sawa. Wa nane, tena vizuri sana. Leo hakai?"

"Mimi nashinda kazini," dada akasema. "Anayeshinda naye ni mjomba wake."

"Sikiliza. Mtoto aliyechelewa tunaanza naye mazoezi hapa hapa, pole pole. Lakini aliyejua kitu halafu kikampotea, huyo si wa kungoja. Namwandikia hospitali kubwa leo hii, wakamwangalie kichwa."

Dada akanigeukia.

"Alianguka?"

"Nani?"

"Usinitanie. Mwanangu alianguka ukanificha?"

Ukweli ulikuwa maneno mawili tu: sikulielewa swali. Lakini mtu akiitwa Msomi miezi mitatu mfululizo, maneno hayo huwa yameshafutika kwenye kamusi yake.

"Hajaanguka," nikasema. "Alikuwa anakaa, dada, kwa macho yangu haya. Labda leo anaona haya, amevuliwa nguo mbele za watu."

Hakuna aliyecheka. Dada alimnyanyua Bosi akamkumbatia, na chozi likamdondokea mtoto kwenye paji la uso. Bosi akatazama juu kutafuta panapovuja. Kalamu ya nesi ilikuwa inakwaruza karatasi.

Pazia likasogea nyuma yetu. Alikuwa msusi, jirani yetu wa mlango wa pili, aliyekuwa anasubiri zamu yake na binti yake mgongoni.

"Nesi, samahani, kalamu isubiri kidogo. Huyu mtoto alikaa lini?"

"Jirani, foleni iko nje," nikamwambia.

"Foleni ninayo na macho ninayo. Nasuka watu barazani kutwa, na mlango wenu hamfungi. Mtoto sijamwona amekaa hata siku moja. Kalala chali tu. Si nilikuuliza, Msomi, mbona humkalishi? Ukanijibu nini?"

Nikaitazama mizani ya watoto kana kwamba nataka kuinunua.

"Mwambie dada yako ulichonijibu."

Nikahamia kwenye bango la chanjo ukutani, nikaanza kulisoma kutoka juu.

"Basi nitamwambia mimi," msusi akasema. "Alinijibu, 'Jirani, huyu anakaa peke yake, hana haja ya mtu.' Nikadhani ni mzaha wake wa kila siku."

Nesi akaweka kalamu chini. Akapitisha kidole juu ya vema zangu, moja, mbili, tatu.

"Miezi mitatu," akasema, wala si kwa ukali. "Tungekuwa tumeshaanza."

Dada alikuwa amemweka Bosi mapajani, mikono miwili kiunoni mwake, anamwachia kidogo, anamdaka, anamwachia tena, na hakunitazama.